Kasha la Kioo la Mwamvita

Jumapili, 17 Novemba

Nimeoa! Jana. Naandika tena ili niamini: nimeoa! Mwamvita ni mke wangu, mimi Doto ni mume wa Mwamvita, na hakuna shangazi duniani anayeweza kulibadili hilo. Hina imemfika viwikoni. Akinipokeza kikombe nasahau kukishika. Leo chai imenimwagikia gotini. Goti linawaka. Raha tupu!

Sheria za fungate zimesomwa asubuhi na Bi Zuena, somo wa mke wangu, kwa sauti ya mkuu wa gereza. Wiki nzima bwana harusi havuki ua. Bibi harusi hashiki kazi, hata sindano. Chakula kitaletwa. Kila siku baada ya adhuhuri Mwamvita atakwenda chumba cha pili kusuguliwa singo, anukie kama duka la manukato. Nikauliza muda huo mimi nitafanya nini. Bi Zuena akasema nitapumzika. Nikauliza nitapumzika kutokana na nini. Akasema ameshawahudumia mabwana harusi wengi hapa Ng'ambo ya Tabora, na wote walipumzika bila maswali.

Vizuri sana. Nitapumzika kwa vitendo.

Sababu ni kompyuta ya Mwamvita. Ilikuja jana juu ya guta pamoja na godoro na masufuria. Ndiyo kazi yake: anachapa barua, kadi za harusi, mitihani ya shule. Lakini kasha lake! Limefungwa kamba ya katani kama kuku wa sokoni. Kitufe cha kuwashia kilizama ndani zamani, kwa hiyo kila asubuhi mke wangu huchukua njiti ya kiberiti na kuchokoa tundu ndipo mashine iwake. Njiti! Mke wangu mimi! Aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi nilikaribia kulia.

Naahidi mbele ya shajara hii: Mwamvita hatashika njiti tena.

Kasha jipya liko njiani kutoka Mwanza. Upande mmoja kioo kitupu. Taa za rangi. Kitufe cha kuwashia kikubwa kama kishikizo cha koti la harusi. Nimelibadilisha na baiskeli yangu. Baiskeli ya nini mtu akishampata Mwamvita? Naenda wapi tena?

Nitahamisha vitu vya ndani kwa siri, kasha la zamani libaki pembeni tupu, limefunikwa kitambaa chake cha kufuma. Siku ya kutoka fungate, Jumamosi, nafunua. Machozi. Vigelegele.

Jambo moja tu dogo. Mwalimu Recheli wa Ntalikwa amempa Mwamvita mitihani ya kufunga mwaka ya shule yake. Imo ndani ya mashine, imeshaandikwa karibu yote, bado kutolewa kwenye karatasi. Inatakiwa Jumatatu ijayo asubuhi. Ikienda sawa, Mwalimu Recheli atamsemea kwa walimu wakuu wa shule nyingine. Ikiharibika, basi tena. Mwamvita aliisubiri nafasi hii tangu hajanijua. Akizungumza habari yake anafumba macho, kama anavyofumba akinisikiliza mimi nikiimba.

Hakuna hofu. Kompyuta nilisoma sekondari.

Jumatatu, 18 Novemba

Kasha limefika! Kulwa amelipitisha dirishani ndani ya gunia la mkaa. Kulwa ni pacha wangu. Alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa kuchemsha chai, na tangu hapo ananiita dogo mbele za watu. Ameniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamkumbusha kuwa kompyuta tulisoma. Akasema anakumbuka vizuri, tulikaa dawati moja: darasa zima kompyuta moja, na zamu yetu ilipofika umeme ukakatika. Ana kumbukumbu mbaya sana huyu. Ulikatika baada ya mimi kushika kipanya.

Mwamvita akaenda kwenye singo. Nikaanza. Bisibisi sina, lakini kisu cha siagi kinafungua kila kitu kwa mtu mwenye mapenzi. Nikautoa ule ubao mkubwa wa kijani unaobeba kila kitu, nikauhamishia nyumba mpya. Plagi kubwa zote zikaingia. Kila moja ina umbo lake, inaingia mahali pamoja tu. Hata Kulwa angeweza.

Halafu zikabaki nyaya za mbele.

Hizi ni nyembamba, zinatoka kwenye uso wa kasha, na kila mmoja una kichwa kama punje ya mchele. Mmoja wa kitufe kikubwa cha kuwashia. Mmoja wa kitufe kidogo cha kuanzisha upya mashine, ambacho wamekificha ndani ya tundu kisiguswe kwa bahati mbaya. Nyingine za taa mbili ndogo. Zote zinakwenda kukaa kwenye kona ya ubao, ambako pini zimesimama safu mbili, nyembamba kama sindano. Pini zote zinafanana. Kona moja pini moja haipo kabisa. Kiwandani waliibiwa.

Za kasha la zamani zilikaaje? Swali zuri. Nilizing'oa zote kwa pamoja huku nikitazama picha ya harusi ukutani. Mwamvita anatazama pembeni kidogo. Shingo ile!

Kikaratasi cha maelezo nimekisoma nusu. Upande mmoja Kichina, upande wa pili michoro ya watu wasio na nyuso. Nimekikunja nikakiweka chini ya mguu wa kitanda unaoyumba. Sasa kitanda hakiyumbi. Kumbe kina faida.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeanza na rangi. Nyekundu na nyeupe ndizo rangi za harusi yetu, kwa hiyo waya wenye nyekundu na nyeupe nikaupa pini za mbele, mahali pa heshima. Nikabonyeza kitufe. Kimya.

Nikaja na hoja ya mapacha. Pini zimesimama mbilimbili, yaani kila jozi ina Kulwa na Doto wake. Doto ndiye mwenye akili, kwa hiyo kichwa cha waya kielekee kwa Doto. Nikabonyeza. Kimya. Nikazigeuza, nikampa Kulwa nafasi, basi tu nimwonee huruma. Kimya kilekile. Angalau imethibitika kwamba Kulwa naye si lolote.

Tatizo kubwa, vichwa havikai. Unamwingiza huyu, yule anadondoka. Unamwinamia yule, huyu anakuchungulia. Vidole vyangu ni vya mwanaume, pini ni za wadudu.

Jioni Mwamvita akauliza kile kilichokuwa kinakwaruza mchana chumbani ni nini. Nikasema panya. Akasema ni mara yake ya kwanza kusikia panya anayesema "ingia basi mpenzi, ingia, nakubembeleza" kwa sauti ya mwanaume. Nikasema panya wa Ng'ambo wamekaa na watu muda mrefu. Akanitazama. Macho ya mapenzi yale! Niliyeyuka.

Baadaye akalalia skrubu. Nikamwambia ni shanga ya bahati, bwana harusi huiweka kitandani kwa siri. Akaishika, akaigeuza, akaiweka kwenye sahani ya tende. Akasema kama zipo nyingine nimwambie, asije akazitafuna.

Mwenye busara mke wangu. Mlinzi wa meno.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepata! Asali!

Mjomba wake Mwamvita ametuletea ndoo ya asali kutoka Ipole, ya kutupa nguvu za fungate. Nzito, nyeusi, inavutika kama gundi. Kila kichwa cha waya tone moja. Havidondoki tena. Vimekaa kama wazee wa baraza.

Mashine bado haiwaki. Lakini haiwaki kwa utulivu. Haya ni maendeleo.

Alhamisi, 21 Novemba

Sisimizi.

Sitaki kulaumu mtu, lakini nyuki wa Ipole wangeweza kutengeneza asali isiyo na harufu. Asubuhi niliona mstari mmoja mweusi unatoka dirishani. Umeshuka ukutani, umekatiza sakafu, umeingia uvunguni mwa kitanda, na mwingine unarudi. Msafara kamili, una wapagazi na wasimamizi, wanabeba asali yetu kuipeleka pwani. Nilikuwa napanga namna ya kuwasihi waondoke wakati Bi Zuena alipoingia na uji wa karanga.

Nikamwamkia shikamoo kwa sauti kubwa sana, ili sisimizi wasikie. Akaitikia marahaba huku macho yakiwa chini. Akaweka uji. Akaufuata mstari, hatua kwa hatua, amekunja khanga, mpaka kitandani. Akainama. Akavuta gunia nililofichia kasha.

Kelele zile nadhani zilisikika Sikonge. Akasema amewahi kuona bwana harusi anayelia fungate nzima kwa kumkumbuka mama yake. Amewahi kuona aliyelala siku zote mpaka akapelekwa zahanati. Lakini kwa maisha yake yote ya usomo hajawahi kuona mwanaume aliyepewa bibi harusi kama Mwamvita, akasinzia naye usiku, halafu mchana akawa anakumbatiana na sanduku la bati uvunguni. Tena amelipaka asali! Akauliza kama asali ile niliambiwa ni ya sanduku.

Nikamweleza yote. Kasha, njiti, mshangao wa Jumamosi. Nikamshika miguu. Akakitazama kioo, akajiona, akarekebisha mtandio. Akasema atanisitiri kwa ajili ya mtoto wake Mwamvita, siyo kwa ajili yangu. Akaniuliza mitihani ya Ntalikwa iko wapi. Nikasema humo humo ndani. Akauliza humo pamoja na sisimizi? Nikasema kwa sasa ndiyo.

Akaondoka bila kuaga. Uji aliuchukua.

Nimefuta asali kwa kitambaa na maji ya ndimu. Nusu ya mchana. Vichwa vya nyaya sasa vinanukia kachumbari.

Ijumaa, 22 Novemba

Kulwa amechungulia dirishani akacheka, halafu bila kuombwa akapiga picha zile pini kwa simu yake na kumpelekea Mathias. Mathias! Kwa watu wote!

Mathias ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda barabara ya kutokea Ntalikwa. Hiyo siyo shida. Shida ni Mluguru. Yaani ni mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao Morogoro na mizigo. Mtani ana ruhusa. Kwenye harusi yangu Mathias alinyang'anya kipaza sauti akatangaza ndoa isimame kwanza, kwa kuwa babu yangu aliangusha mzigo wa chumvi wa babu yake karibu na Kilosa na hadi leo haujafika, na mpagazi mwenye deni haozwi. Akakaa juu ya viatu vyangu mpaka akapewa jogoo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilioa nikiwa na soksi.

Sasa mtu huyo ndiye anaulizwa habari za mke wangu!

Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Akaanza kwa kuuliza mpagazi anaendeleaje na fungate. Halafu akabadili sauti, akajifanya mtu mzito. Akasema tutafute kona ambayo pini haipo, pale penye pengo kama jino lililong'oka. Safu yenye pengo, jozi ya jirani na pengo ni ya kitufe cha kuwashia, na jozi ya mwisho ya safu hiyo ni ya taa ya umeme. Safu ya pili, chini ya kile cha kuwashia ndipo panakaa kitufe cha kuanzisha upya, na mwishoni taa ya diski. Akasema nyaya za vitufe hazina mbele wala nyuma, ziingie vyovyote. Za taa ndizo zenye chanya na hasi, chanya zikae mbali na pengo. Akamaliza kwa kusema hapo hatanii, kazi ni kazi.

"Hapo hatanii." Mtani! Kwa mdomo wake mwenyewe!

Kulwa akasema basi fanya hivyo. Maskini. Mtu mzima, kaka mkubwa, bado anamwamini Mluguru. Mimi nimeachwa na soksi tupu, siwezi kusahau. Mtani anapokuapia kwamba hapa ni mashariki, wewe tazama magharibi utaona jua linachomoza. Isitoshe, waya usio na mbele wala nyuma uliona wapi? Uongo mwingine mtu angeutafutia nguo kwanza.

Kwa hiyo nimefanya kinyume chake, kwa utaratibu, kwa moyo mkunjufu. Kitufe cha kuwashia nikakishusha safu ya pili. Cha kuanzisha upya nikakipandisha jirani na pengo. Chanya za taa nikazielekeza kwenye pengo. Vichwa vimekaa vyenyewe, bila asali! Dalili njema hiyo.

Nilipotaka kujaribu, umeme ukakatika. Haijalishi. Sihitaji kujaribu. Ninamfahamu Mathias.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku ya kutoka! Nyumba imejaa. Bi Zuena kavaa dera la dhahabu. Shangazi zake Mwamvita kutoka Ipole, Kulwa, majirani. Mwamvita alitoka chumbani na khanga mpya nikamwona kama simjui, nikajitambulisha. Watu wakacheka. Yeye akanipa mkono akasema amefurahi kunifahamu.

Nikaomba kimya. Nikatoa hotuba. Nikataja njiti, nikataja machozi yangu, nikataja baiskeli. Nikavuta shuka. Kasha la kioo! Vigelegele vikapanda mpaka bati likatetemeka. Mwamvita akaweka mikono yote miwili ya hina mdomoni. Kwanza akaangalia kasha, halafu akaangalia lile la zamani lililofunikwa kitambaa, akalifunua, akaona liko tupu. Akauliza kwa sauti ndogo mitihani imo wapi. Nikasema yote iko ndani ya zawadi yako, mpenzi, bonyeza kitufe.

Akabonyeza.

Hakuna kitu.

Nikasema bonyeza kwa mapenzi. Akabonyeza tena. Nikabonyeza mimi. Akabonyeza Kulwa, huku akinitazama. Shangazi mmoja wa Ipole akauliza kama linatakiwa kulishwa kwanza. Bi Zuena akasema lilishalishwa. Nikasikia jasho linanishuka mpaka kwenye soksi. Na safari hii nilikuwa na viatu!

Mwamvita hakuwa anacheka. Midomo ilikuwa imekauka. Nilimwona anavyohesabu kwa macho: leo Jumamosi, kesho Jumapili. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilisahau kuitazama shingo yake.

Halafu akachutama. Akaukagua uso wa kasha kwa kidole. Akaliona lile tundu dogo. Akauliza kwa upole kama kuna mtu ana njiti ya kiberiti. Bi Zuena akatoa kwenye kibindo. Mwamvita akachokoa.

Ikawaka! Taa za bluu, za zambarau, za kijani! Feni zikazunguka! Kioo kikang'aa kama harusi ya pili! Zile taa mbili ndogo za mbele tu ndizo hazikuwaka, lakini nani anaziangalia? Watu wakashangilia. Mimi nililia wazi mbele ya wakwe.

Nikawaeleza wageni kuwa huu ni mfumo mpya, wa kuzuia wezi. Mwizi atabonyeza kitufe kikubwa mpaka achoke. Kulwa akaniuliza sikioni kama nimefuata maneno ya Mathias. Nikasema neno kwa neno, ila kinyume. Akaenda nje. Nilisikia anakohoa, au kitu kama hicho.

Mwamvita ameificha njiti sikioni, kama seremala anavyoficha penseli. Kapendeza mno.

Jumapili, 24 Novemba

Printa imeanza asubuhi. Mwamvita ameketi mbele ya kioo, taa za zambarau zinamcheza shavuni. Darasa la tatu limetoka lote. La nne lote. Ananiambia nisogee kidogo, namzibia karatasi. Mimi nasogea upande wa pili, namtazama kutoka huko.

Mchana alikuwa anaandika Hisabati ya darasa la sita, ndiyo pekee iliyokuwa imebaki, huku printa ikiendelea na la tano. Mimi nikawa nakitazama kile kitufe kikubwa. Kimekaa kinyonge. Kimetoka Mwanza, kimegharimu baiskeli nzima, na hakuna anayekishughulikia. Nikawaza labda jana kilikuwa kigeni. Labda sasa kimezoea. Nikakibonyeza taratibu.

Kila kitu kikazima. Kisha kikawaka chenyewe upya. Printa ikakata karatasi ya darasa la tano katikati ya swali.

Mwamvita akageuka. Akauliza nimegusa nini. Nikasema sidhani kama ni mimi, ni umeme wa Tabora. Akasubiri mashine iamke, nayo huamka kama mwanafunzi wa bweni. Akafungua Hisabati. Nusu ilikuwa imepotea. Akaanza upya.

Nilisikitika kuona anafikiria ni mimi. Kwa hiyo alipofika karibu na mwisho nikaona nimthibitishie. Nikamwambia tazama, mpenzi, nakibonyeza tena na hutaona kitu.

Aliona kitu.

Halafu akainuka, akanishika bega, akanipeleka uani, akaniweka juu ya kinu, akasema nikae hapo. Nilipochungulia baadaye alikuwa amebandika plasta nyeupe juu ya kitufe kizima, na juu ya plasta ameandika kwa kalamu ya wino usiofutika:

USIGUSE, MUME WANGU.

Mume wangu! Ameandika! Kwa wino usiofutika! Tena kwa herufi kubwa!

Jumatatu, 25 Novemba

Mitihani ilikamilika asubuhi, jua limeshapanda. Mwalimu Recheli alikuwa amekuja, akasubiri, akaondoka na gari la mchanga lililokuwa linarudi Ntalikwa. Akaacha ujumbe kwamba watoto wameshakaa kwenye madawati, na kama karatasi hazifiki yeye atatafuta mtu mwingine mwakani. Kulwa yuko Nzega na pikipiki. Baiskeli, tunajua ilipo.

Mwamvita akafunga karatasi kwenye boksi, akalivika mfuko wa nailoni, akaanza kujitwika. Hina bado haijafutika! Nikampokonya. Nikalitwika mimi kichwani. Nikakimbia.

Mvua ndogo. Tope. Shingo inaingia kifuani. Na kibanda cha Mathias kiko barabarani, hakikwepeki.

Aliniona kutoka mbali. Alitoka nje, akaita jirani zake wote, akanisalimia mwangaluka mpagazi kwa Kinyamwezi kibovu, akapiga magoti akainua mikono. Akatangaza hatimaye mzigo wa babu umeonekana! Chumvi imefika! Muuza vitumbua akanipigia makofi. Nikamwambia Mathias kwamba nilimgundua mapema, kwamba nilifanya kinyume cha uongo wake na mashine inawaka. Akauliza inawashwa na kitufe kipi. Nikamwambia. Akakaa chini kwenye benchi. Akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba aliniambia kweli tupu, neno kwa neno, kwa kuwa kazi ni kazi, na kwamba nimebadilisha nafasi za nyaya mbili tu, anaweza kuja jioni kuzirudisha bila malipo.

Nikacheka. Nikacheka huku boksi linatetemeka. Kwa hiyo alinidanganya kwa kusema kweli! Huo ndio utani wa juu kabisa, watani wa kawaida hawaufikii. Na sasa anataka aje ashike mashine ya mke wangu! Nikamwambia asante, sidanganyiki mara mbili.

Ntalikwa nilifika nimelowa, karatasi kavu. Watoto walinishangilia kwa sababu nimewachelewesha. Mwalimu Recheli akakagua. Safi, zimenyooka, hakuna kosa. Hisabati ya darasa la sita ndiyo nzuri kuliko zote, akasema, inaonyesha imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Nikamwambia iliandikwa mara tatu, na katika mbili za mwanzo nilichangia. Akasema atamsemea Mwamvita kwa walimu wakuu wenzake, kesho aje kwenye kikao. Ila kazi ijayo angeomba iletwe na mtu mwenye baiskeli.

Nimerudi nimemwambia Mwamvita. Alinirukia shingoni! Shingo ile ile! Maumivu hayaelezeki. Nampenda!

Jumanne, 26 Novemba

Mwamvita amekwenda kikaoni. Alipokuwa anatoka alinishika mashavu, akanitazama machoni, akaniomba nisiguse kitu chochote chenye waya hadi arudi. Sauti gani ile! Tamu kama nini!

Mashine inawaka kwa njiti kila asubuhi. Yeye anasema haina shida, amezoea. Ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo: mambo mapya yasimvuruge.

Lakini printa inakwaruza. Tangu jana jioni karatasi zinatoka na alama ya kahawia pembeni, inayonata kidogo. Sijui imetoka wapi. Nimemtuma Kulwa amuulize Mathias, ili tu nijue la kutofanya. Mathias amejibu: msiifungue, ni kitu kidogo, mniletee kibandani.

Msiifungue!

Sasa mtu aniambie amekosea wapi huyu Mluguru, kama siyo kujianika mwenyewe. Mwamvita hatarudi kabla ya alasiri. Atakapoingia mlangoni ataikuta printa inateleza kama mpya, ataweka mikono mdomoni, nami nitasimama pembeni bila kusema neno.

Kisu cha siagi ninacho. Na asali imebaki kidogo chini ya ndoo. Inatosha.